Askari wa Kamina walikuja kuokoa nini?

Usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili, tarehe 10 Julai 1960, risasi zilianza kulia katika kambi ya Massart, Élisabethville, mji unaoitwa leo Lubumbashi. Uhuru wa Kongo ulikuwa na siku tisa. Askari wa Force Publique, jeshi ambalo kwa miaka mingi liliwanyosha raia kwa amri ya mkoloni, sasa walikuwa wamewageukia maofisa wao wenyewe. Kabla ya mapambazuko Wazungu kadhaa walikuwa wameuawa, akiwemo makamu wa konseli wa Italia. Wengine walipanda magari wakaelekea mpaka wa Rhodesia ya Kaskazini. Kulipokucha, makomando wa Kibelgiji waliletwa kwa ndege kutoka kituo chao cha Kamina, na siku haikuisha kabla mji haujawa mikononi mwao.

Jioni ya kesho yake, 11 Julai, Moïse Tshombe, kiongozi wa mkoa wa Katanga, alisimama mbele ya kipaza sauti cha redio akatangaza kwamba Katanga imejitenga na Kongo na kuwa nchi huru. Alisema serikali ya Léopoldville inaelekea ukomunisti na kwamba nchi inaangamia kwa vurugu. Aliiomba Ubelgiji iendelee kumsaidia na iungane na Katanga kiuchumi.

Tangu askari walipoingia hadi hotuba ile hazikupita siku mbili. Watu wamekuwa wakizigombania saa hizo chache tangu siku ile: kwenye Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, kwenye bunge la Brussels, kwenye vitabu vya wanahistoria, na kwenye vibaraza vya mitaa ya Katuba na Kenya hapa mjini. Serikali ya Ubelgiji ilipoamua kutuma jeshi katika nchi iliyokuwa imeipa uhuru wiki moja nyuma, ilikuwa inatafuta nini? Iliogopa kwa ajili ya watu wake, au ilikuwa na hamu ya shaba?

Jibu la Brussels lilikuwa jepesi kueleweka. Katika Kongo yote walikuwepo Wabelgiji zaidi ya 80,000. Maasi yalianza Léopoldville na Thysville tarehe 5 Julai, baada ya Jenerali Émile Janssens kuandika ubaoni, mbele ya askari wake, kwamba baada ya uhuru mambo yatakuwa kama kabla ya uhuru. Katika majeshi yote ya dunia sijui sentensi iliyogharimu zaidi ya ile. Wanawake wa Kizungu walibakwa katika Bas-Congo. Habari hizo zilikuwa za kweli, na zilifika Brussels pamoja na wakimbizi waliobebwa na ndege za Sabena. Hakuna serikali ya Ulaya ambayo ingeweza kukaa kimya. Waziri wa Ulinzi, Arthur Gilson, alitaka jeshi litoke mara moja. Waziri wa Mambo ya Nje, Pierre Wigny, alisita. Alijua sheria inasemaje, na alijua dunia itasemaje. Gaston Eyskens, waziri mkuu, alisimama kati yao. Vifo vya Élisabethville ndivyo vilivyomaliza ubishi wa mawaziri hao.

Sheria aliyoihofia Wigny ilikuwa imetiwa saini tarehe 29 Juni, siku moja kabla ya bendera kubadilishwa: mkataba wa urafiki kati ya Ubelgiji na Kongo. Mkataba uliiachia Ubelgiji vituo vya kijeshi vya Kamina na Kitona, lakini askari wake wasingeweza kutoka humo kwenda kutuliza ghasia bila kuombwa na waziri wa ulinzi wa Kongo. Waziri wa ulinzi wa Kongo alikuwa waziri mkuu mwenyewe, Patrice Lumumba. Hakuwaomba. Brussels ikajibu kwamba mkataba haukuwa umeidhinishwa na mabunge, na kwamba kila dola ina haki ya kuokoa raia wake. Mtu anayesema mkataba haumfungi kwa kuwa haujaidhinishwa, huku anakaa Kamina kwa nguvu ya mkataba huo huo, ana kazi ngumu ya kuwaaminisha wenzake.

Hata hivyo, si haki kumsimulia Lumumba kama mtu aliyekataa tu tangu mwanzo. Tarehe 11 Julai, akiwa Luluabourg pamoja na Rais Joseph Kasavubu, alikubali askari wa Kibelgiji wabaki kwa muda, mradi kazi yao iwe kuwalinda raia wao na si zaidi. Siku hiyo hiyo jeshi la majini la Ubelgiji liliishambulia bandari ya Matadi kwa mizinga, ingawa Wazungu wengi walikuwa wameshaondoka, na Wakongo wakafa. Habari ziliposambaa redioni, askari wa Kikongo katika kambi nyingine walizisikia kwa namna moja tu: Wabelgiji wanarudi kutawala. Maasi yaliyokuwa yanapoa yakawaka upya. Usiku huo Katanga ikajitangaza. Kesho yake, 12 Julai, Kasavubu na Lumumba wakapanda ndege kuja Élisabethville kuona kwa macho yao. Rubani alikuwa Mbelgiji. Ndege ilipokaribia uwanja wa Luano, Godefroid Munongo, waziri wa mambo ya ndani wa Katanga, alikataa isitue. Rais na waziri mkuu wa Kongo walizuiwa kuingia katika mji wa nchi yao, na uwanja ule ulikuwa unalindwa na askari waliosemekana wamekuja kuokoa maisha tu.

Siku hiyo hiyo viongozi hao wawili waliuandikia Umoja wa Mataifa kuomba msaada. Tarehe 14 Julai Baraza la Usalama likaitaka Ubelgiji iondoe majeshi yake, na Léopoldville ikavunja uhusiano na Brussels.

Kwa wanaosema vita ilikuwa ya shaba, hoja haianzii Julai. Inaanzia Bunkeya, Desemba 1891, Kapteni Bodson alipompiga risasi Mwami Msiri kwa sababu alikataa bendera ya Léopold. Mwaka 1906 iliundwa Union Minière du Haut-Katanga. Mwaka 1910 reli kutoka kusini ilifika na mji ukazaliwa. Mwaka uliofuata tanuru la Lubumbashi likaanza kuyeyusha. Wazee bado wanauonyesha mnara wa moshi na mlima wa masalia ya madini pembeni yake. Kufikia 1960 kampuni ilikuwa inatoa kama tani 300,000 za shaba kwa mwaka, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia. Uranium ya Shinkolobwe ndiyo iliyoingia katika mabomu ya Marekani ya 1945. Karibu nusu ya mapato ya Kongo nzima yalitoka mkoa huu mmoja.

Kuna jambo jingine ambalo wasimulizi wengi hulipita haraka. Dola ya Kongo ilikuwa na hisa katika Union Minière kupitia Comité Spécial du Katanga, chombo cha kikoloni kilichoundwa mwaka 1900. Kama Kongo huru ingekirithi chombo hicho, Lumumba angekuwa na sauti nzito ndani ya kampuni. Tarehe 27 Juni 1960, siku tatu kabla ya uhuru, Brussels ilikivunja. Kongo ikapewa uhuru, lakini sauti ya uamuzi ndani ya kampuni iliyoulisha mji huu ikabaki Ulaya. Amri hiyo ilitoka kabla ya maasi, kabla ya ubakaji, kabla ya risasi ya kwanza ya Massart. Hapo hofu haiwezi kutajwa kuwa sababu.

Na kulikuwa na siasa. Katika uchaguzi wa Mei 1960 chama cha Tshombe, Conakat, kilipata viti 25 kati ya 60 vya baraza la mkoa, na muungano wa Balubakat wa Jason Sendwe ukapata 23. Wabalubakat walisusia kikao ili idadi ya wajumbe isitimie. Brussels ikabadilisha kanuni katikati ya Juni, na Conakat ikaunda serikali peke yake. Siku za mwisho za Juni kuliwahi kufichuliwa njama ya kuitangaza Katanga huru hata kabla ya tarehe 30. Mkoloni mwenyewe ndiye aliyeizima. Kwa hiyo Brussels haikuwa na nia moja iliyonyooka tangu mwanzo hadi mwisho. Mwezi Juni iliuzuia utengano. Mwezi Julai iliulinda.

Hapo ndipo ninapoachana na wale wanaosema ni shaba tu, na pia na wale wanaosema ni maisha tu. Union Minière ingeweza kuishi na serikali ya Léopoldville. Ushahidi ni kwamba iliishi nayo: utengano ulipokufa Januari 1963, kampuni ilianza kuilipa Léopoldville bila kelele nyingi, hadi Rais Mobutu alipoitaifisha tarehe 1 Januari 1967. Kampuni ilimlipa kodi yeyote aliyekuwa ameishika ardhi. Na walioogopa usiku ule wa Massart hawakuigiza. Ila uamuzi wa vita hauishi saa jeshi linapotua. Unaendelea kila asubuhi jeshi linapoamka na kutokuondoka. Anayetaka kuijua nia ya Ubelgiji aache kusoma maneno ya usiku wa tarehe 9 na atazame kazi za Agosti.

Kazi hizo zinaonekana wazi. Mikoani kwingine makomando waliwachukua Wazungu, wakawapakia ndegeni, wakaondoka. Katanga walifanya kinyume: waliwatuliza Wazungu ili wabaki. Askari wa Kongo waliotoka mikoa mingine walinyang'anywa silaha na kurudishwa kwao. Mahali pao likajengwa jeshi jipya, gendarmerie ya Katanga, chini ya maofisa wa Kibelgiji. Meja Guy Weber, aliyeingia mjini na makomando tarehe 10, akawa mshauri wa kijeshi wa Tshombe. Brussels ikatuma ujumbe wa washauri ukiongozwa na Harold d'Aspremont Lynden, ukawekwa karibu na kila wizara ya serikali mpya. Tarehe 21 Julai Mfalme Baudouin, katika hotuba yake ya sikukuu ya taifa, alisifu makabila yaliyobaki marafiki wa Ubelgiji chini ya viongozi waaminifu. Kila msikilizaji alijua anazungumzia wapi. Askari wa kawaida waliondolewa kufikia Septemba, lakini maofisa na maafisa wadogo zaidi ya 200 walibaki ndani ya gendarmerie.

Pamoja na yote hayo Ubelgiji haikuitambua Katanga hata siku moja. Hakuna dola iliyoitambua. Wengine hulitumia jambo hili kuitetea Brussels: kama ilitaka kuipasua Kongo, mbona haikuitambua? Naona jibu liko kwenye hesabu zao wenyewe. Katanga isiyotambuliwa ilikuwa na thamani mara mbili: ililinda migodi leo, na kesho ingeweza kuwa kituo cha kuianzia upya Kongo nzima bila Lumumba. Ndiyo maana Septemba, d'Aspremont Lynden alipopanda cheo kuwa waziri wa masuala ya Afrika, macho yake hayakuishia Élisabethville. Tarehe 6 Oktoba aliandika telegramu inayotaja kuondolewa kabisa kwa Lumumba, na wanahistoria wamegombana tangu hapo: kuondolewa kisiasa, au kuondolewa duniani?

Tarehe 17 Januari 1961 ndege iliyowabeba Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito ilitua Luano. Walipigwa, wakapelekwa nyumba ya Brouwez, na usiku huo huo wakapigwa risasi porini mbele ya mawaziri wa Katanga na maofisa wa Kibelgiji. Munongo alitangaza mwezi uliofuata kwamba walitoroka na kuuawa na wanakijiji. Wachache waliamini. Kitabu cha Ludo De Witte cha 1999 juu ya mauaji hayo kililazimisha bunge la Ubelgiji kuunda tume, na Novemba 2001 tume ikasema haikukuta karatasi ya serikali inayoamuru mauaji, lakini baadhi ya mawaziri na wahusika wengine wa Kibelgiji wana dhamana ya kimaadili. Ilionekana pia kwamba kasri la mfalme lilikuwa limepata barua ya Weber, Oktoba 1960, iliyodokeza mpango dhidi ya uhai wa Lumumba. Februari 2002 Louis Michel, waziri wa mambo ya nje, aliomba radhi. Tume ilitafuta amri na haikuikuta. Lakini kumuua mtu aliyekabidhiwa kwa maadui zake wakubwa, katika mji ambao maofisa wako ndio wanaoliendesha jeshi, hakuhitaji amri nyingi.

Nimezungumza mno juu ya Brussels, kana kwamba Wakatanga walikuwa watazamaji. Hapa Lubumbashi ubishi una sura nyingine, na ni mkali zaidi. Tshombe hakuwa kibaraka tu, na Munongo hata kidogo. Munongo alikuwa wa ukoo wa Msiri. Kuwafanya Wabelgiji waondoke halafu kuipokea amri ya Léopoldville hakukuwa uhuru machoni pake. Kwa miaka mingi Union Minière na reli zilikuwa zimewaleta wafanyakazi kutoka Kasai, zikawasomesha, zikawapa vyeo vya ukarani na usimamizi. Uchaguzi wa mitaa wa 1957 ulipofanyika, viongozi walioshinda katika mitaa ya Waafrika ya Élisabethville walikuwa wageni wa mkoa. Conakat ilizaliwa mwaka uliofuata kutokana na uchungu huo. Walowezi wa Kizungu waliupenda uchungu huo na kuumwagilia maji, lakini hawakuupanda peke yao.

Kwa hiyo ukimuuliza mzee wa Conakat kwa nini Katanga ilipigana, atakuambia ni mali yetu iliyokuwa inaliwa Léopoldville. Ukimuuliza mtoto wa Mkasai aliyezaliwa Kamalondo, atakuambia ilikuwa vita ya kuwafukuza. Ukimuuliza Mluba wa kaskazini, kutoka Manono au Kabalo, hataanza na Brussels wala na Tshombe. Ataanza na vijiji vilivyochomwa na gendarmerie. Kaskazini ya Katanga haikuwahi kukubali utengano. Chama kilichopata viti 23 hakikunyamaza, na watu wake walikufa kwa wingi ambao Ulaya, iliyohesabu kila Mzungu aliyeanguka, haikuuhesabu hata kidogo. Na kama mtu anadhani Tshombe alipigana kwa ajili ya taifa la Katanga, akumbuke kwamba Julai 1964, mwaka mmoja na nusu baada ya kushindwa, Tshombe huyo huyo aliapishwa Léopoldville kuwa waziri mkuu wa Kongo nzima. Nchi aliyosema haiwezi kukaliwa, aliikalia mara alipopewa kiti.

Vita ya pili ilikuja na helmeti za bluu. Dag Hammarskjöld, katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, alifika Élisabethville tarehe 12 Agosti 1960 na kikosi cha Waswidi, lakini hakuivunja serikali ya Tshombe. Lumumba hakumsamehe kwa hilo. Baada ya kifo cha Lumumba dunia ilibadili sauti. Tarehe 21 Februari 1961 Baraza la Usalama liliruhusu nguvu kutumika, kama njia ya mwisho, kuzuia vita ya wenyewe kwa wenyewe, na likataka washauri wa kigeni na mamluki waondolewe. Juni alifika Mwayalandi Conor Cruise O'Brien kuuwakilisha Umoja wa Mataifa mjini. Tarehe 28 Agosti askari wake waliwakamata maofisa wa kigeni wa gendarmerie karibu bila damu. Ikaonekana kazi ni rahisi.

Tarehe 13 Septemba walijaribu tena, wakishambulia posta na redio, na O'Brien akatangaza kwamba utengano umekwisha. Haukuwa umekwisha. Gendarmerie na mamluki walipigana, ndege moja ya kivita aina ya Fouga iliyokuwa ya Katanga iliwatesa askari wa Umoja wa Mataifa kwa siku kadhaa, na kikosi cha Waayalandi huko Jadotville, mji tunaouita sasa Likasi, kikajisalimisha baada ya risasi na maji kuwaishia. Hammarskjöld alipanda ndege kwenda kumwona Tshombe Ndola. Ndege ilianguka usiku wa kuamkia tarehe 18, naye akafa.

Nani aliamuru vita hiyo ya Septemba? O'Brien alijiuzulu Desemba, akaandika kitabu, akasema aliyafanya aliyoagizwa na kwamba Uingereza na wenzake waliihujumu kazi. Wengine walisema Hammarskjöld hakuwahi kuruhusu vita kamili, na kwamba watu wake wa Kongo walimtangulia. Hata nia ya chombo cha dunia nzima haikuwa moja. India, iliyotoa brigedi kubwa, iliona Katanga ni mlango wa nyuma wa ukoloni. Marekani iliogopa kwamba kama Katanga haitarudi, serikali ya wastani ya Léopoldville itaanguka na Warusi watapata nafasi. London iliangalia Rhodesia na hisa zake. Ufaransa haikutaka kulipa. Na askari wa kawaida, Mhindi au Mhabeshi, alikuwa barabarani Élisabethville akijiuliza ni nani hasa anampiga.

Wakazi wa mji hawakuziona nia, waliiona mizinga. Mapigano ya Desemba 1961 yalizifikia hospitali, na madaktari 46 wa kiraia wa mji walitoa kitabu kizima kuushitaki Umoja wa Mataifa. Sikubaliani na kila walichoandika. Wengi wao walikuwa upande wa Tshombe, na makumi ya maelfu ya Waluba waliokuwa wamekimbilia kambi ya wakimbizi chini ya ulinzi wa helmeti hizo hizo za bluu wangeandika kitabu tofauti kabisa, kama wangepewa karatasi. Lakini hospitali zilipigwa kweli. Mwishoni mwa Desemba 1962 Umoja wa Mataifa ulianza tena, safari hii kwa nguvu kubwa, na katikati ya Januari 1963 Tshombe akatangaza kwamba Katanga inarudi.

Waliojaribu kusimulia yote haya kwa Kiswahili cha mji huu ni wachache, na wanastahili kutajwa. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya Élisabethville kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa nyumbani wa Wazungu, watu waliosikia kila kitu kilichosemwa mezani. Miaka kumi baadaye hivi, mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya nchi, picha baada ya picha, akiwa anamweleza mwanaanthropolojia Johannes Fabian maana yake kwa Kiswahili. Alimchora Lumumba amelala pamoja na wenzake wawili, na nyuma yao misalaba mitatu. Mchoraji huyo hakusubiri tume yoyote ya bunge. Kwake swali la nia lilikuwa limeshajibiwa kwa kuangalia nani alikufa na nani alibaki na mali, na nadhani njia yake ya kusoma historia, pamoja na ukali wake, ni bora kuliko kusoma telegramu peke yake.

Gendarmerie haikufa na utengano. Maelfu ya askari wake walivuka mpaka kuingia Angola, wakapigana huko vita vya wengine, na mwaka 1977 wakarudi Shaba (Mobutu alikuwa ameibadili Katanga jina) chini ya Nathanaël Mbumba na chama cha FLNC. Wanajeshi wa Moroko walisaidia kuwarudisha nyuma. Tarehe 13 Mei 1978 waliingia Kolwezi. Waafrika wengi na Wazungu zaidi ya 100 waliuawa. Tarehe 19 Mei askari wa miavuli wa Legion ya Ufaransa waliruka juu ya mji, na siku iliyofuata wakaja Wabelgiji.

Ubishi wa 1960 ukaanza upya, karibu kwa maneno yale yale, ila safari hii ulikuwa kati ya Wazungu wawili. Brussels ilisema imekuja kuwachukua watu wake na kuondoka. Paris ilisema imekuja kuwafukuza wavamizi na kuulinda utawala wa Mobutu. Kila mmoja alimtuhumu mwenzake kwa kutazama kobalti. Magazeti ya Ulaya yalijaa hesabu za tani, za maiti na za raia waliookolewa, na hesabu hizo zote zilikuwa na ukweli ndani yake. Katika mzozo huo Wabelgiji waliruka haraka jambo moja: baadhi ya wavamizi ambao Wabelgiji walikuja kuwaokoa watu wao kutoka mikononi mwao, walikuwa wamefundishwa kushika bunduki hapa Élisabethville, kuanzia Agosti 1960, na maofisa waliosemekana wamekuja kuokoa maisha.